Bata, Panja na Domo: Ufunguo wa Sauti katika Kujifunza Msamiati wa Kiingereza

Mwalimu wa shule ya sekondari atakayechukua daftari la mwanafunzi wake na kuzitazama pambizo badala ya kurasa zenyewe, aghalabu atakuta humo mambo ambayo yeye hakuyafundisha. Kando ya neno "barter", ambalo katika somo la historia lina maana ya kubadilishana mali kwa mali pasipo fedha, pamechorwa bata. Kando ya "dormant", neno ambalo somo la jiografia hulitumia kwa volkano iliyolala, pameandikwa "domo". Hakuna mtaalamu aliyemwelekeza mwanafunzi huyo. Amelisikia neno la kigeni, likamlia sikioni kama neno la kwao, naye akaona ni afadhali kulifunga kwenye kigingi anachokijua kuliko kuliacha likatoroka.

Mbele ya michoro hiyo walimu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoikemea na kuiita mchezo wa kitoto, tena mchezo unaoharibu matamshi. Wapo wengine, na idadi yao haipungui, wanaoisifu kupita kiasi na kuwapa wanafunzi orodha ndefu za maneno yaliyokwisha kutengenezewa vikumbusho, kana kwamba tatizo la Kiingereza shuleni limepata dawa yake. Makundi yote mawili yamekosea, ingawa kosa la kundi la pili ndilo lenye hasara kubwa zaidi, kwa kuwa hutumia saa za mwanafunzi ambazo hazirudi.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi njia hii inavyofanya kazi. Wataalamu wa saikolojia huiita njia ya neno-ufunguo, nayo ina viungo viwili. Kiungo cha kwanza ni cha sauti: neno la kigeni hufungamanishwa na neno la lugha ya mjifunzaji linalofanana nalo kwa mlio. Kiungo cha pili ni cha picha: neno lile la kwao huunganishwa na maana ya neno la kigeni katika taswira moja ambayo haisahauliki upesi. Basi "barter" humleta bata, na bata huonekana akiwa amekwapuliwa kwapani na mkulima anayemkabidhi mwenye duka ili apewe pishi mbili za mchele. Siku mwanafunzi atakapolikuta neno hilo katika karatasi ya mtihani, mlio utamwita bata, na bata atakuja na mchele wake. Kadhalika "sombre", ambalo Waingereza hulitamka karibu sawa kabisa na kitenzi cha Kiswahili "somba", na maana yake ni hali ya huzuni na ukimya mzito. Watu wanaosomba udongo kaburini, vichwa vimeinama na hakuna anayesema neno, ni picha itoshayo.

Kutumia taswira kusaidia kumbukumbu ni jambo la kale. Wagiriki na Warumi waliwafundisha wasemaji wao wa hadharani namna ya kupanga hoja katika vyumba vya nyumba ya kufikirika. Lakini njia ya neno-ufunguo ilipimwa kisayansi kwa makini mwaka 1975, pale Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipochapisha matokeo ya jaribio lao juu ya msamiati wa Kirusi. Wanafunzi waliozungumza Kiingereza walifundishwa maneno 120 kwa siku tatu, maneno 40 kila siku, wakiyasikia matamshi kwa vipokea sauti vya masikioni. Nusu yao walipewa maneno-ufunguo. Nusu nyingine walijifunza kwa namna yoyote waliyoizoea. Kwa mfano, neno "zvonok" lina maana ya kengele, na silabi yake ya mwisho inafanana na neno la Kiingereza la mti wa mwaloni. Hivyo mwanafunzi aliambiwa awaze mwaloni uliojaa kengele ndogo za shaba mahali pa mbegu zake. Walipopimwa, waliotumia maneno-ufunguo walikumbuka asilimia 72 ya maneno yote, na wenzao asilimia 46. Wiki sita baadaye walipimwa tena pasipo kutarajia: asilimia 43 kwa 28.

Tarakimu hizo zimenukuliwa mara nyingi na wapenzi wa njia hii, tena kwa haki. Lakini msomaji makini atazisoma kwa pande zote mbili. Katika maneno 120, aliyetumia ufunguo alikuwa nayo yapata 86, na baada ya wiki sita alibaki na kama 52. Alimshinda mwenzake, la hasha si kidogo. Hata hivyo maneno zaidi ya thelathini yalikuwa yamekwisha kumponyoka. Tena ikumbukwe kwamba waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na maneno-ufunguo hawakuyabuni wenyewe bali walipewa yakiwa yamekwisha kuchaguliwa kwa uangalifu. Kidato cha kwanza chenye wanafunzi wengi na kamusi moja si maabara ya Stanford.

Jaribio jingine lilitia shaka zaidi. Mwaka 1992 Alvin Wang, Margaret Thomas na mwenzao walichunguza jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita: katika majaribio mengi ya zamani, watu walewale waliopimwa baadaye walikuwa wamekwisha kupimwa mara ya kwanza papo hapo, na kule kupimwa kwenyewe ni kujifunza. Wao waliwatenga wanafunzi wengine wasipimwe kabisa hadi siku zipite. Ndipo ilipoonekana kwamba waliotumia maneno-ufunguo walisahau kwa kasi kubwa kuliko waliokariri kwa kurudiarudia. Sababu yake si ngumu kuikisia. Kumbukumbu iliyojengwa kwa hatua mbili huvunjika ikikatika hatua moja tu. Mwanafunzi humwona bata vizuri sana, lakini hakumbuki tena bata yule alikuwa akifanya nini. Na mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake, walipolinganisha mbinu kumi za kujisomea, waliiweka njia ya neno-ufunguo katika daraja la chini la manufaa. Daraja la juu walizipa mbinu mbili tu: kujipima mara kwa mara, na kugawanya mazoezi katika siku nyingi.

Je, basi wanaokemea ndio wenye haki? Hapana. Tofauti ya maneno 86 na 55 si jambo la kutupwa, hasa kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ambaye, akivuka kizingiti cha kidato cha kwanza, anakuta baiolojia, kemia, fizikia, historia na jiografia zote zimebadili lugha kwa siku moja. Mtoto huyo hana nafasi ya kungoja maneno yamwingie polepole. Anahitaji kitu cha kulishikilia neno leo, ili kesho apate nafasi ya kulikuta tena na kulijua vizuri. Swali la maana ni lipi kati ya maneno hayo linastahili kutengenezewa ufunguo, na ufunguo wenyewe uchongwe namna gani.

Hapo ndipo uzoefu wa Kiswahili unapotoa mafunzo ambayo majaribio ya Marekani hayakuweza kuyatoa. Chukua neno "pungent", ambalo mwanafunzi wa kemia hulikuta mara kwa mara katika maelezo ya amonia: gesi yenye harufu kali ya kuchoma. Mwanafunzi anayelisoma kwa macho huona mara moja kitenzi "punga", naye hujichora akipunga mkono mbele ya pua. Picha ni nzuri mno. Hata mwalimu wa maabara anayewafundisha wanafunzi kunusa gesi kwa kuipungia mkono badala ya kuinamia chupa ataifurahia. Lakini Waingereza hawalitamki hivyo. Silabi ya kwanza ya neno hilo hulia "panj". Basi mwanafunzi aliyelifunga kwa "punga" ataliandika sawasawa, kisha atalitamka ovyo mbele ya watu, na baya zaidi ni kwamba likitamkwa sawasawa na mwingine hatalitambua. Ufunguo wake ni wa jicho, wala si wa sikio. Na Kiswahili kilikuwa na ufunguo wa sikio tangu zamani: panja, sehemu ile ya kichwa iliyo kati ya jicho na sikio. Harufu ya amonia inayopanda puani na kugonga kwenye panja ni picha ya kweli kabisa, kama ajuavyo kila aliyewahi kufungua chupa yake kwa pupa.

Kisa cha "futile" ni hichohicho. Wanafunzi wengi hulisoma kwa silabi za Kiswahili, wakaona ndani yake "futi", wakamchora mtu anayepima kina cha Bahari ya Hindi kwa futi moja ya mbao, kazi bure isiyo na mwisho. Maana imepatikana, na kicheko pia. Matamshi yamepotea, kwa kuwa Mwingereza husema "fyutail". Mwalimu anayeruhusu vikumbusho bila kwanza kulitamka neno ubaoni na kulirudia darasani anastahili lawama zote anazotupiwa na wenzake.

Lakini liko tatizo la ndani zaidi, ambalo halitoki katika uzembe wa mtu yeyote. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza, ukihesabu irabu fupi, ndefu na zile zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine, kina karibu ishirini. Hivyo basi, sikio la Mswahili linapopokea maneno ya Kiingereza huyapitisha katika milango mitano, na maneno yaliyokuwa mbalimbali hutokea upande wa pili yakiwa yamevaa nguo moja. "Barter" ni bata. Lakini "butter", yaani siagi, nalo ni bata. Na "batter", rojo ya unga inayochovywa samaki kabla ya kukaangwa, nalo pia ni bata. Ufunguo mmoja umefungua nyumba tatu, na mwenye ufunguo hajui yumo katika nyumba ipi. Mfaransa au Mjerumani anayejifunza Kiingereza ana irabu nyingi za kuchagulia, Mswahili hana. Hii si kasoro ya Kiswahili, kwani lugha yenye irabu tano safi husomeka na kuandikika kwa urahisi ambao Kiingereza hakitaufikia. Ila ni sababu ya kutosha kwa mwalimu kutoshangilia kila mlio unaofanana.

Dawa yake ni kuyafundisha maneno hayo kwa ukoo, wala si mojamoja. Mwanafunzi aambiwe waziwazi kwamba bata ana jamaa watatu, kila mmoja na irabu yake: mmoja anavutwa, mwingine ni mfupi wa katikati ya kinywa, wa tatu hutamkwa kinywa kikiwa wazi mbele. Kisha picha zitofautishwe. Saa moja inayotumika kwa ukoo wa namna hiyo hufundisha matamshi zaidi kuliko mwezi mzima wa kurudia nyuma ya mwalimu maneno yasiyohusiana.

Tena kuna suala la mwelekeo. Kutoka neno la Kiingereza kwenda kwenye maana ni safari moja. Kutoka maana kwenda kwenye neno la Kiingereza ni safari nyingine. Nick Ellis na Alan Beaton, waliochunguza Waingereza waliojifunza Kijerumani, walionyesha mwaka 1993 kwamba neno-ufunguo humfaa anayetaka kulielewa neno alionapo, bali anayetaka kulitoa mwenyewe hufaidika zaidi kwa kulirudiarudia lenyewe. Jambo hilo lina mantiki: anayetafuta neno la kubadilishana mali atampata bata, lakini bata hamwambii kwamba neno linaandikwa kwa "r" mbili na kwamba irabu yake ya kwanza ni ndefu. Anayeandika insha asitegemee daftari la bata.

Na maneno gani humwangusha mwanafunzi katika mtihani? Anayezipitia karatasi za mitihani ataona kwamba mara nyingi si majina ya vitu. Mwanafunzi analijua jina la ogani, analijua jina la gesi, analijua jina la mkataba. Anachokosa ni neno linalomwambia afanye nini. "Infer", "justify", "account for", "whereas", "hence", "unless": hayo ndiyo yanayomfanya aandike ukurasa mzima wa mambo ya kweli ambayo hayakuulizwa. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alikusanya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote, na zinachukua kama asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi hayo. Ukiipitia orodha hiyo utaona kwamba mengi ni ya namna hiyohiyo: kuchambua, kudokeza, kutokana, kuunda, kudhania. Nani atamchora "whereas"? Anayejaribu hupata picha ya werevu mwingi na faida ndogo. Maneno ya aina hii hufundishika kwa sentensi, tena nyingi, tena kwa kulinganishwa na maneno ya Kiswahili yafanyayo kazi ileile, kama "ilhali", "hivyo basi", "isipokuwa". Mwanafunzi anayeijua vema "ilhali" amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya "whereas".

Upande wa istilahi za sayansi nako ufunguo wa sauti hauna kazi kubwa, kwa sababu istilahi hizo zimejengwa kwa vipande vyenye maana. Anayeujua mzizi wa Kigiriki "photo", yaani nuru, na ule wa "thermo", yaani joto, ana funguo zinazofungua milango kwa mamia, na kila mlango una chumba chake. Kiswahili chenyewe kimekwisha kumrahisishia. Mwanafunzi aliyefunzwa "usanisinuru" katika shule ya msingi anazo sehemu mbili za "photosynthesis" mkononi, nuru na usanisi, zikiwa zimebadilishana nafasi tu. Na "thermometer" kwake ni kipimajoto kilichogeuzwa nyuma mbele. Inasikitisha kumwona mtoto mwenye mali hiyo akihangaika kutafuta mnyama anayefanana na "photosynthesis" kwa mlio. Ni kweli mizizi nayo hudanganya mara mojamoja. Jina la oksijeni lina maana ya "kizaa-asidi", kwa kuwa Lavoisier aliamini kila asidi lazima iwe nayo, na asidi hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Lakini kosa la namna hiyo, likielezwa darasani, lenyewe ni somo zuri la kemia.

Yanayobaki kwa bata na jamaa zake, basi, ni maneno ya aina moja: majina, vitenzi na sifa ambazo zina umbo la kuonekana au kuhisiwa, hazina mizizi inayojulikana, na zimepata katika Kiswahili neno linalofanana nazo kwa sikio. "Barter", "sombre", "pungent" na "dormant" yamo. "Arid", yaani kame, limo pia. Ardhi iliyopasuka kwa kukosa mvua yatosha kulishika. Kwa "dormant" mlima Kibo wenye domo lililofumbwa, ukikoroma, unafaa, na kando yake achorwe Ol Doinyo Lengai, ambao ulilipuka mwaka 2007, domo wazi, ili tofauti ya volkano iliyolala na iliyo hai ionekane kwa mara moja. Katika muhula mmoja mwalimu hatapata maneno mengi ya namna hiyo. Akipata arobaini yaliyo mazuri kweli amefanya kazi.

Zaidi ya hayo hakuna haja ya kutafuta, kwa sababu hesabu yenyewe inakataa. Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji wa vitabu na magazeti ya Kiingereza asiyesaidiwa na kamusi anahitaji kati ya familia 8,000 na 9,000 za maneno. Tuseme kila ufunguo unachukua dakika tatu kubuniwa na kuchorwa: maneno 8,000 yatakula saa 400. Mwanafunzi aliyezitumia saa hizo kusoma vitabu vyepesi vya hadithi na sayansi angeyakuta maneno mengi kati ya hayo mara kumi kila moja, yakiwa pamoja na jamaa zake katika sentensi, bila kuchora ndege hata mmoja.

Hata hivyo njia hii ina fadhila moja ambayo wapimaji hawakuihesabu. Katika shule nyingi Kiswahili hufukuzwa mlangoni mwa darasa la Kiingereza. Vibao ukutani huamuru lugha moja tu, na anayeteleza huadhibiwa. Neno-ufunguo haliwezi kuishi chini ya amri hiyo. Linadai kwamba mwanafunzi aje na lugha yake, tena si Kiswahili cha kuombea maji tu, bali Kiswahili chenye panja na pishi ndani yake. Darasa linalobishana kama "sombre" ni kusomba udongo au kusomba maji wakati wa msiba linafikiri kwa makini juu ya maana ya maneno mawili kwa pamoja, na mwanafunzi aliyekuwa kimya mwaka mzima kwa kuogopa kukosea Kiingereza huenda ndiye mwenye picha bora kuliko zote. Mwalimu anayempiga marufuku mtoto huyo asitumie alichonacho amechagua kumfundisha kwa mkono mmoja.

Kilichobaki ni namna ya kulitunza neno likiisha kushikwa, na hapa utafiti hauna utata. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma makala mara nyingi walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima badala ya kusoma tena waliwapita. Basi daftari la msamiati na ligawanywe safu tatu: neno, picha au ufunguo wake, na sentensi kamili ya Kiingereza iliyotolewa katika kitabu cha somo, wala isiwe ya kubuniwa. Siku ya pili mwanafunzi afunike safu mbili na kujiuliza. Baada ya wiki arudie, na baada ya mwezi tena, mara hii akiifunika safu ya kwanza ili safari iende upande wa pili. Neno likija lenyewe mara mbili bila bata kutangulia, picha yake ikatwe kwa kalamu, na ile nafasi ya pembeni iandikwe neno jipya.